Kasri Lisilo na Mgongo

Hapo zamani, na asiyeamini na aseme sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa, palikuwa na Sultani wa Stambuli aliyekwama majini mchana kweupe, bahari shwari, wapiga makasia ishirini na wanne wenye afya zao wamekaa mbele yake, nyumba yake anaiona kwa macho, na kufika asiweze. Dhoruba hapakuwa. Adui hapakuwa. Mashua haikuvuja hata tone. Bisha basi. Wamebisha wengi kabla yako, wenye vitabu kwapani, na wote walipofika mwisho wa maneno walinyamaza wakaomba maji ya kunywa.

Jina la Sultani huyo tuliache, kwa adabu. Mji wake umepasuliwa kati na mkono wa bahari, huku mji na ng'ambo mji, na yeye akatamani kasri dogo la ufukweni, si la kulala, ila la kukaa tu akinywa kahawa na kutazama maji. Basi akaitwa Kalfa Kirkori. Kalfa ndivyo walivyoitwa mafundi wakuu wa ujenzi katika mji ule, na huyu alikuwa mzee mwembamba mwenye vumbi la chokaa ndevuni, ambaye akiona ukuta umepinda, hata kama ni wa jirani, hushikwa na homa.

Sultani akamwambia, "Nijengee nyumba itakayokaa majini isilowe."

Kalfa akajenga. Alizamisha magogo ya mwaloni ufukweni, juu yake akapandisha matao matano ya mawe, na chini ya matao akaacha vyumba vya kuwekea mashua, maji yakiingia na kutoka kama watu wa nyumbani. Juu ya matao akaweka ukumbi mmoja mkubwa, na ukumbi ule akautokezea roshani tatu, ya mbele, ya kulia na ya kushoto, zote zikining'inia juu ya maji kwa mikono ya mbao iliyochongwa. Madirisha yalikuwa mengi kuliko ukuta. Paa lilivikwa madini ya risasi, na kingo zake zikatoka nje dhiraa tatu nzima, hata jua la adhuhuri likija hubisha hodi likarudi. Ndani mlikuwa na vigae vya samawati mpaka kifuani, matakia kuzunguka pande tatu, kuba lililochorwa kwa dhahabu, na katikati chemchemi ya marumaru yenye vibakuli saba, maji yakianguka kutoka hiki kwenda kile. Chemchemi ile haikuwa ya kunywa wala ya kunawa. Ilikuwa ya kelele. Wawili wakisimama karibu nayo wakasemezana, wa tatu aliye hatua nne mbali hasikii ila maji, na katika nyumba ya mfalme kitu kama hicho ni adimu kuliko dhahabu ya kuba.

Siku ya kulifungua, Sultani akaja kwa mashua, akapanda ngazi ya maji, akakaa roshani ya mbele, akaona maji. Akahamia ya kulia, maji. Akahamia ya kushoto, maji.

"Kalfa," akasema, "kila nyumba ina mbele na nyuma. Mgongo wa nyumba hii uko wapi?"

Kalfa Kirkori alikuwa hajala tangu jana kwa hofu, akatoa neno la kwanza lililomfika mdomoni. "Bwana wangu, nyumba hii haina mgongo. Pande zote ni uso."

Sultani akalipenda neno hilo kuliko alivyolipenda kasri lenyewe. Akamvika Kalfa joho la manyoya papo hapo, na ilikuwa mwezi wa Julai, Kalfa akalivaa akitokwa na jasho mpaka magharibi. Na neno lile ndilo lililouharibu mji.

Kwa maana Sultani alikaa katika kasri lile siku kumi na mbili asitoke, na siku ya tatu, akiwa roshani ya mbele na kikombe chake, akamwona mtu juu ya maji anamjia kinyumenyume.

"Yule ni nani?" akauliza.

Aliyejibu alikuwa Rustamu Agha, mkuu wa watunza bustani. Usidanganywe na cheo. Watunza bustani wa Sultani ndio waliokuwa askari wa pwani yote, na Agha huyu katika maisha yake alikuwa amekata vichwa vingi kuliko maua. Ndiye pia aliyeshika usukani wa mashua ya Sultani, maana kwa desturi hapana mwingine aliyeruhusiwa kuushika. Kasia hakuwahi kulishika hata siku moja.

"Ni mvushaji, bwana wangu. Anawavusha watu kutoka ng'ambo."

"Mbona anakuja huku amenipa mgongo?"

Agha akatazama. Kweli, mgongo. "Ni kukosa malezi, bwana wangu."

Sultani akaweka kikombe chini. "Nyumba yangu haimpi mtu mgongo. Basi mtu asiipe mgongo nyumba yangu."

Ikawa amri. Ikapigwa mbiu pande zote mbili za maji: yeyote atakayeonekana chomboni amelipa mgongo kasri la Sultani, chombo chake kitachukuliwa.

Sasa wewe uliyekaa hapo, kama hujapata kushika kasia, sikiliza. Mpiga makasia hukaa ameupa mgongo anakokwenda, macho yake yako anakotoka, kwa sababu mikono ya binadamu ina nguvu ya kuvuta kuliko ya kusukuma. Kwa hiyo akitoka kasrini analitazama mpaka ng'ambo, adabu tupu. Akirudi, analipa mgongo. Hapana njia ya tatu. Mashua za mji ule ni nyembamba kama ala ya jambia, na wapo waliojaribu kupiga makasia wima, uso mbele. Wa kwanza akasimama, akaanguka. Wa pili akasimama, akaanguka. Wa tatu alikuwa amewaona hao wawili kwa macho yake, naye akasimama, akaanguka. Wengine wakajaribu kusukuma makasia badala ya kuvuta, mkondo ukawachukua, na mmoja alionekana mara ya mwisho akiwapungia mkono watu wa mji mwingine.

Ikawa mji unamwagikia upande mmoja. Waliotoka upande wa kasri kwenda ng'ambo walikwenda salama, ila kurudi hawakuweza. Mkunga akaenda kuzalisha, akabaki. Bwana harusi akaenda kumchukua mkewe, akabaki kwa wakweze, akapewa kazi ya kuchunga mbuzi. Kufika siku ya saba ng'ambo palikuwa na vinyozi kumi na wanane katika mtaa mmoja, na upande wa kasri wanaume wanatafuna nywele za midomo yao pamoja na wali.

Basi katika wavushaji palikuwa na kijana aitwaye Dursuni, na mali yake yote duniani ilikuwa mashua moja aliyoachiwa na marehemu babaye, makasia mawili na mdomo. Mashua ilikuwa kazi yake, kitanda chake na urithi wake, na babaye aliichonga kwa mkono wake mwenyewe, hata alama za randa zilikuwa bado zinaonekana kwenye mbao. Mdomo ulikuwa wa kumtia mashakani. Dursuni alijisifu kwamba anaweza kuvuka amelala, kuvuka amefumba macho, kuvuka akila tikiti kwa mikono yote miwili, na mtu akimwuliza makasia atayashika nani, humwambia huo ni wivu.

Siku ile alikuwa ng'ambo, na Bibi Gulsumu muuza mtindi akaja na vyungu vyake sita.

"Nivushe, Dursuni."

"Kuna amri, bibi."

"Mtindi wangu haujaisikia. Unazidi kuchacha. Au unaogopa?"

Neno hilo haambiwi mtu kama Dursuni. Akapakia vyungu, akavuta. Hakufika hata kwenye ngazi ya soko, watunza bustani wakamzingira.

"Umelipa mgongo kasri la Sultani," wakamwambia.

Bibi Gulsumu, aliyekuwa ameketi tezini, nyuma ya mashua, akimwelekea mvushaji wake, akasema, "Mimi nimeutazama uso wa kijana huyu miaka kumi, kila siku, kwenda na kurudi. Mwambieni Sultani amepewa upande mzuri."

Mtindi ukaruhusiwa kupita. Mashua ikafungwa mnyororo chini ya tao la tatu la kasri. Dursuni akapelekwa mbele ya Sultani kwa njia ya nchi kavu, kupitia nyuma ya misonobari, maana aliyekamatwa hapandi ngazi ya maji. Alichokiona huko nyuma hakina maana kwa sasa. Tuendelee.

Akaingizwa ukumbini. Sultani alikuwa juu ya matakia, Agha amesimama kuliani kwake, na Kalfa Kirkori alikuwapo pia, amepiga magoti pembeni akirekebisha kigae kimoja ambacho hapana mtu mwingine aliyeona kasoro yake.

"Wewe ndiwe uliyenipa mgongo?" akauliza Sultani.

"Ndimi, bwana wangu. Lakini kila niondokapo hapa nakutazama mpaka ng'ambo, sipepesi. Ukijumlisha kwenda na kurudi, nadhani tuko sawa."

Hapana aliyecheka. Sultani akasema, "Nimeambiwa hapana awezaye kuvuta kasia akanijia kwa uso. Je, ni kweli?"

"Si kweli, bwana wangu," akadakia Agha. "Si kwamba hawawezi, hawataki."

Hapo mtu mwenye akili angelia kidogo, akaomba msamaha, akaenda zake kutafuta kazi ya kubeba mizigo. Dursuni alisikia sauti inasema, "Mimi naweza," akageuka kumtazama mjinga aliyesema hivyo, akakuta nyuma yake hapana mtu.

"Vema," akasema Sultani. "Ijumaa nakwenda bustani ya ng'ambo, safari yangu ya kwanza tangu amri. Utakaa kasia la kwanza katika mashua yangu, na wenzako ishirini na watatu watakufuata wewe. Utanipeleka na utanirudisha, na amri yangu isivunjwe. Ukiweza, mashua yako chukua. Ukishindwa, mbao zake zitakuwa kuni za kahawa yangu, ubao kwa ubao, nawe utasimama hapa kunimiminia."

Dursuni akatazama nje. Kupitia dirisha aliuona mdomo wa mashua ya babaye umechungulia chini ya tao.

"Isivunjwe na mtu yeyote, bwana wangu?"

"Na mtu yeyote."

"Basi namwomba Agha aandike hivyo, maana mimi ni msahaulifu."

Agha akaandika, kwa kalamu nene, akafurahi kuandika.

Ikawa Dursuni anatolewa, Kalfa Kirkori akainua macho kutoka kwenye kigae chake, akaitazama miguu ya kijana ilivyojaa majivu mpaka kwenye vifundo, akabadilika rangi. Akasimama, akamshika mkono, akamvuta karibu na chemchemi kana kwamba anataka kumwonyesha vibakuli saba. Wakasemezana kidogo. Walisemezana nini hapana aliyesikia, chemchemi ilifanya kazi yake. Ila watu wote waliona kwamba Dursuni alitoka pale kimya, na tangu azaliwe ilikuwa mara ya kwanza.

Ijumaa ikafika. Mashua ya Sultani ilikuwa ndefu, nyeupe, yenye dhahabu ubavuni, na tezini palikuwa na kiti cha enzi chenye egemeo refu, chini ya kitambaa chekundu, kimepigiliwa misumari kisisogee, kikitazama omoni, mbele ya mashua. Sultani akaketi. Nyuma yake akasimama Agha na usukani. Mbele yao wakakaa wapiga makasia ishirini na wanne, nyuso zao zikimwelekea Sultani, macho chini, maana kumtazama usoni ni kosa. Kwa hiyo mpiga makasia mzuri wa mfalme ni yule anayevijua viatu vya mfalme kuliko fundi aliyevishona. Waliobaki ufukweni wakainama mpaka paji la uso likagusa jiwe. Wakaondoka. Nyuso ishirini na nne zikilielekea kasri mpaka lilipokuwa dogo kama sanduku. Agha mwenyewe akakiri moyoni kwamba hajapata kuona adabu kama ile. Dursuni akavitabasamia viatu.

Bustani ya ng'ambo ipo ndani ya ghuba, nyuma ya rasi, na ukiwa huko kasri halionekani. Sultani akashinda kivulini. Akala tikiti maji, akala la pili, akanywa sharubati ya ukwaju bakuli nne, na ilipofika alasiri akanywa ya tano kwa sababu ilikuwa imebaki. Kisha akaamuru safari ya kurudi.

Wakatoka ghubani vizuri. Walipoizunguka rasi, kasri likatokea mbele yao ng'ambo ya maji, na roshani zake tatu zinang'aa. Pale chini ya rasi mkondo hufa, maji yamelala kama ya birika, na Dursuni alipajua tangu utotoni. Akalitoa kasia lake majini, akaliweka mapajani. Wenzake ishirini na watatu, walioamriwa kumfuata, wakafanya vivyo hivyo. Mashua ikasimama.

"Nini tena?" akauliza Agha.

"Tumefika," akasema Dursuni.

"Tumefika wapi? Kasri lile kule."

"Tumefika pale ambapo tukivuta tena, migongo ishirini na minne italielekea kasri. Na amri imesema isivunjwe na mtu yeyote. Wewe ndiwe uliyeandika."

Agha akamwambia Sultani, "Bwana wangu, ameshindwa. Mashua yake ni kuni."

"Kushindwa ni kuivunja amri," akasema Dursuni, akiviambia viatu. "Mimi sijaivunja. Mimi nimekaa."

Sultani mwanzo alipendezwa. Akakaa kidogo akitazama ndege. Kisha ile sharubati ikaanza kudai haki yake, na hilo ni jambo ambalo hata mwenye watumishi elfu hana wa kumtuma. Akabadilisha mguu. Akabadilisha tena.

"Agha," akasema, "ita msaada."

Agha akapunga kitambaa. Kule kasrini wakaona, wakatuma mashua ya watunza bustani kumi. Wakaja mbio, wakiwa wameelekeza nyuso kwenye kasri kwa utii mkubwa, wakafika, wakasujudu. Sultani akasema, "Nirudisheni." Wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Bwana wangu, kuja tumekuja. Kurudi kuna amri." Ikatumwa ya pili. Ikaja, ikabaki. Ikaja ya tatu yenye ngoma, ili kuwatia moyo wale wa kwanza, nayo ikabaki. Ikawa sasa pale chini ya rasi pana kijiji kizima, na mpiga ngoma hajui apige au asipige.

Sultani akaegemea mbele kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Ewe kijana. Nyumba ile, haina upande hata mmoja usiokuwa uso? Fikiri vizuri. Ukiniambia upo, amri haina msingi, na mashua yako nakupa hapa hapa."

Agha akakohoa. Dursuni akainamia kasia lake muda wa kuvuta mara tatu. Viatu vya Sultani vilikuwa vinagongana.

"Kalfa alisema haina, bwana wangu. Mimi ni mtu wa maji, mambo ya nchi kavu siyajui."

Agha akaacha kukohoa. Akapata wazo, akalitoa haraka kabla halijapoa. "Geuzeni mashua. Tezi iende mbele. Kaeni mlivyokaa, sukumeni makasia badala ya kuvuta. Hivyo nyuso zenu zitalielekea kasri njia nzima."

"Mkondo ule nje hauna huruma," akasema Dursuni, "lakini amri ni amri."

Wakaigeuza. Tezi ikalielekea kasri, nyuso ishirini na nne zikalielekea kasri, Agha akatabasamu. Wakasukuma mara moja, mara mbili, Dursuni akaweka tena kasia mapajani.

"Sasa nini?" Agha akafoka. "Mgongo uko wapi sasa?"

"Wetu haupo," akasema Dursuni. "Lakini naona miwili mingine."

Mpiga ngoma akaficha vijiti vyake.

"Miwili ya nani?" akauliza Sultani.

"Mmoja ni wa Agha, bwana wangu. Amesimama tezini, ameligeuzia kasri kisogo. Na hata leo asubuhi tulipoondoka, sisi tukilitazama kasri kwa adabu, yeye alilipa mgongo kutoka ngazi ya maji mpaka ng'ambo. Sikusema, kwa sababu ni mkubwa wangu."

Agha akawa mweupe kama mtindi. "Na wa pili?" akauliza Sultani.

"Wa pili amekaa mbele ya Agha, kitini. Simjui ni nani, bwana wangu. Si adabu kumtazama usoni."

Watu wengi walisema baadaye kwamba hapo hata samaki walisimama. Agha akapeleka mkono kwenye kisu chake. Sultani akageuza shingo, taratibu, akalitazama kasri lake juu ya egemeo la kiti, akaona mwenyewe jinsi lilivyokuwa nyuma yake. Akainua goti moja ili apande kitini kinyume, kama mtoto achunguliaye dirishani, kisha akakumbuka zile mashua tatu zinazomtazama, akalishusha goti. Kulishusha goti kulimwongezea shida.

Mashavu yake yakaanza kutikisika. "Nataka kucheka," akasema kwa shida, "lakini hali yangu hainiruhusu. Nitacheka nikifika. Amri imefutwa. Vuteni."

"Imefutwa ya leo, bwana wangu, au ya daima?"

"Ya daima. Vuta."

"Kwa wavushaji wote?"

"Kwa wote, na vinyozi wao. Vuta, mwanangu."

"Na ile mashua ya chini ya tao la..."

"Chukua mashua yako," akasema Sultani Mkuu, bwana wa nchi mbili na bahari mbili, "chukua na tao lenyewe ukitaka, lakini vuta."

Wakavuta. Wazee wa mji ule walikuwa wakisema haijapata kuonekana mashua ikivuka namna ile, na migongo ishirini na minne ililijia kasri kama farasi wajao zizini. Sultani akapanda ngazi ya maji bila kungoja zulia, akapotelea ndani. Nje watu wakangoja. Kitambo kidogo kikapita, kisha kikasikika kicheko, kikianza chini, kikapanda kwenye kuba, kikatoka kwa madirisha ya roshani zote tatu kwa pamoja, hata waliokuwa ng'ambo wakakisikia, na kuna waliodhani ni mizinga ya sikukuu.

Mnyororo ukafunguliwa. Dursuni akaiingia mashua ya babaye, akapapasa ubao mmoja mmoja, hakuna uliopungua, akaenda ng'ambo kumpakia mkunga, bwana harusi na vinyozi wanne. Kwa muda wa mwezi mzima hapana aliyepanda mashua yake asiyesimuliwa habari ile, na kila safari viatu vya Sultani viliongezeka urembo. Rustamu Agha aliendelea kushika usukani, ila tangu siku ile alisimama upande upande, na shingo ikamuuma mpaka alipostaafu.

Watu wengi huiachia hekaya hii hapo, na mimi nimezoea kuiachia hapo, maana inapendeza hivyo. Lakini kuna kipande nilikiruka, na umekaa kimya vizuri, basi nikupe.

Nilisema Dursuni alipitishwa nyuma ya misonobari, na kwamba alichokiona huko hakina maana. Nilidanganya. Alichokiona huko ni mgongo wa kasri. Ukuta mzima wa matofali yasiyopakwa chokaa, mlango wa jikoni, bomba la choo, lundo la majivu alilolipita mpaka vifundoni, kamba ya nguo zilizoanikwa, na kuku saba. Watumishi wote walikuwa wakiujua, Agha alikuwa akiujua. Sultani peke yake, aliyeingia kwa maji na kutoka kwa maji, hakuujua, na Kalfa alikuwa ameipanda misonobari ile ili asiujue.

Na pale kwenye chemchemi, Kalfa Kirkori alimwuliza, "Umepitia nyuma, mwanangu?"

"Nimepitia."

"Basi umeuona. Ukimwambia Sultani, amri imekufa leo na mashua unayo leo. Sikuombi usiseme. Nimekuja tu nikutazame uso, nijue nimebakiwa na siku ngapi."

Dursuni akatazama dirishani, akauona tena mdomo wa mashua ya babaye chini ya tao. Wakati huo, nakuapia, hila kamili hakuwa nayo kichwani, ila lile neno la mtu yeyote tu. Ilimjia Alhamisi.

"Mzee," akasema, "kulikuwa na moshi mwingi. Mimi nimeona kuku tu."

Na kijana yule, ambaye hakuwa na siri nyingine maishani mwake, hilo hakumwambia mtu mpaka Kalfa alipozikwa. Hata Bibi Gulsumu, aliyemtazama uso kwenda na kurudi, hakuliona.